Mgonjwa wa Moyo Arudipo Nyumbani



Mtu atokapo hospitalini akiwa hai, jamaa yote hufurahi, na furaha hiyo ni ya haki. Huchinjwa kuku, majirani huja kusalimu, wazee humshukuru Mungu. Kisha husemwa neno hili: "Sasa amepona." Juma hili twataka kunena juu ya ugonjwa mmoja ambao neno hilo, likisemwa upesi mno, laweza kumpeleka mtu kaburini. Ugonjwa wenyewe ni shambulio la moyo. Aliyepatwa nalo akaokoka hajamaliza matibabu siku ile anaporuhusiwa kwenda kwake. Siku ile ndipo anapoyaanza. Na tangu siku hiyo waganga wake si daktari peke yake, bali ni mkewe, ni watoto wake, na ni shirika lake.

Twaandika hasa kwa jamaa za Masisi na za Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, ambako njia ni mbaya, madaktari ni wachache, na vita vimewafukuza watu makwao mara nyingi. Huko matunzo ya nyumbani si nyongeza juu ya matunzo mengine. Mara nyingi ndiyo yote aliyo nayo mgonjwa.

Kilichotukia kifuani

Moyo ni msuli, nao hupiga mara 100,000 hivi kila siku bila kupumzika. Msuli huo nao wahitaji damu ya kuulisha, na huipata kwa mishipa myembamba iliyouzunguka. Kwa miaka mingi, kwa sababu ya presha, tumbaku, kisukari na mafuta mengi katika damu, kuta za ndani za mishipa hiyo huota utando, mithili ya mfereji unaojaa matope. Siku moja utando hupasuka, damu huganda juu yake, na njia hufungwa. Sehemu ya msuli iliyolishwa na mshipa ule hukosa damu, na baada ya saa chache hufa. Mahali pake hubaki kovu, na kovu halisukumi damu.

Katika haya mna mafundisho mawili. La kwanza: sehemu iliyokufa haifufuki, bali ile iliyosalia hufanya kazi ya mbili, basi yatupasa kuihurumia. La pili: damu ile iliyoganda ilikuwa tunda tu, na mti wenyewe ungali umesimama. Mishipa mingine ya mtu huyo ina utando ule ule. Ndiyo maana aliyeshambuliwa mara moja yumo hatarini kushambuliwa mara ya pili kuliko mtu ambaye hajapatwa kamwe.

Twasikia wengine wakinong'ona kwamba mtu aliyeshikwa ghafula kifuani amepewa karuho, ama amerogwa na jirani. Uvumi huo huua mara mbili: humnyima mgonjwa dawa yake, na humtia mtu asiye na kosa katika chuki ya kijiji kizima. Kabla hamjamshitaki jirani, ulizeni kwanza presha ya mgonjwa ilikuwa ngapi, na amevuta tumbaku miaka mingapi.

Rais aliyetembea tena

Zamani madaktari wenyewe waliuogopa ugonjwa huu kupita kiasi. Mgonjwa alilazwa kitandani majuma sita, asiinuke hata kula, na watu walidhani hatafaa tena kwa kazi yo yote. Tarehe 24 Septemba 1955 Dwight Eisenhower, Rais wa Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 64, alishikwa na ugonjwa huo mjini Denver. Akaitwa daktari wa moyo, Paul Dudley White, mmoja wa wale waliofundisha kwamba mgonjwa asifungwe kitandani siku nyingi bila sababu. Rais akakalishwa kitini, kisha akaanza kutembea kidogo kidogo, leo hatua chache, kesho hatua zaidi. Mwaka uliofuata alichaguliwa tena, akamaliza kazi yake Januari 1961, naye aliishi hata tarehe 28 Machi 1969.

Mtasema: "Yule alikuwa Rais." Ni kweli. Lakini dawa nyingi anazopewa mgonjwa wa leo, nazo ni vidonge vya kawaida, hazikuwa zimepatikana bado mwaka ule. Alichokuwa nacho Eisenhower kwa wingi ni watu waliomwangalia kila siku, wakahesabu hatua zake, wakamzuia asizidishe wala asilegee. Jambo hilo halinunuliwi kwa dola. Jamaa ya Nyabiondo yaweza kumtolea baba yao.

Vidonge vya kila siku

Mgonjwa wa namna hii kwa kawaida hurudi nyumbani na dawa za namna nne. Ya kwanza ni aspirini ndogo, ya miligramu 75 hadi 100, ili damu isigande upesi. Ya pili ni statini, yenye kupunguza mafuta katika damu na kuutuliza ule utando wa mishipa. Ya tatu hushusha presha na kuupunguzia moyo mzigo, kama enalaprili. Ya nne hutuliza mapigo, kama bisoprololi. Aliyewekewa stenti, yaani kile kifaa kidogo cha chuma cha kuufungua mshipa, huongezewa dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, mara nyingi kwa muda upatao mwaka. Kuiacha hiyo kabla ya wakati ni kuchezea kifo.

Je, vidonge hivi vyafaa kweli? Mwaka 1988 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na shambulio la moyo. Waliopewa aspirini kwa mwezi mmoja, vifo vyao kwa ugonjwa wa moyo na mishipa vilipungua kwa sehemu 23 katika 100. Mwaka 1994 madaktari wa nchi za Ulaya ya Kaskazini walitoa habari ya wagonjwa 4,444 wa moyo, waliogawanywa katika mafungu mawili yaliyo karibu sawa na kufuatwa kwa miaka mitano na zaidi. Katika fungu lisilopewa statini walikufa watu 256. Katika fungu lililopewa walikufa 182. Waliookoka hivyo hawakuonyeshwa ishara yo yote mbinguni. Walimeza kidonge kila jioni, basi.

Lakini tuangalie sana, maana dawa njema ikitumiwa vibaya huwa sumu.

Kidonge cha aspirini kiuzwacho sokoni kwa maumivu ya kichwa mara nyingi ni cha miligramu 500. Hicho si cha kumezwa kila siku. Mgonjwa wa moyo asijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo au ya magoti, maana dawa hizo huzidisha hatari ya shambulio jingine. Aulize kwanza kituo cha afya. Dawa ya kutuliza mapigo isikatwe kwa ghafula. Wala mtu asimgawie jirani vidonge vyake kwa kuwa jirani naye "ana moyo". Mapendo ya namna hiyo yana nia njema na matokeo mabaya.

Mwezi wa tatu

Tuchukue mfano. Baba wa jamaa amelazwa Goma, ameokoka, amerudi kwake Masisi na dawa za mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza amemeza zote. Mwezi wa pili mwanawe amepanda pikipiki akamletea nyingine. Mwezi wa tatu baba hasikii maumivu tena, anapanda mlima kwenda kuwatazama ng'ombe, analala vizuri. Siku hiyo hiyo shule ya sekondari yadai karo ya binti yake. Fedha ziko za jambo moja tu. Baba asema: "Mimi nimepona, mlipieni mtoto." Nani asiyemheshimu mzazi huyo? Hata hivyo amekosea hesabu. Yeye asikii maumivu kwa sababu ameza dawa; naye adhani kwamba hahitaji dawa kwa sababu hasikii maumivu. Moyo wake ukisimama kabla ya Krismasi, ni nani atakayelipa karo ya mwaka ujao?

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi jamaa iketi pamoja mapema, mwezi wa kwanza, si wa tatu, ihesabu gharama ya dawa kama inavyohesabu chumvi na sabuni. Daktari naye aambiwe waziwazi uwezo wa jamaa, ili achague dawa zitakazoweza kununuliwa mwaka mzima. Dawa ya bei nafuu inayomezwa kila siku yapita ile ya thamani inayokwisha baada ya siku kumi.

Njia ndefu na vita

Toka Goma hata Masisi ni kilomita 80 hivi, kwa kupitia Sake. Hata Walikale ni zaidi ya 200. Idadi hizo si kubwa kwa mtu anayezisoma kitabuni. Kwa mgonjwa aliye nyuma ya pikipiki, katika matope ya mvua, ni mwendo wa kumchosha hata mzima. Kwa sababu hiyo haifai kumwambia mgonjwa aende mjini kila mwezi. Aende kwa daktari mkubwa mara chache, kwa jambo kubwa. Lakini kituo cha afya kilicho karibu kimwone mapema, katika juma la kwanza au la pili baada ya kurudi, kisha kila mwezi, na akishatulia, kila miezi mitatu.

Mwuguzi wa kituo hahitaji mashine kubwa kwa kazi hiyo. Apime presha: isipite 140 juu ya 90, na kwa wengi daktari atataka ile ya juu iwe chini ya 130. Apime uzito. Abonyeze miguu aone kama imevimba. Asikilize mapafu. Aulize juu ya maumivu, juu ya usingizi, na kama mgonjwa ameona damu katika choo, maana aspirini yaweza kuliumiza tumbo. Ahesabu vidonge vilivyobaki. Hayo yote yataka nusu saa na moyo wa uaminifu.

Kwamba jambo hili si la wazungu peke yao, majirani zetu wa Tanzania wametuonyesha. Habari iliyotangazwa mwaka 2020 toka Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, ilieleza kwamba kati ya wagonjwa zaidi ya 600 waliofika hospitalini kwa maumivu ya kifua au kwa kuhema, zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na shambulio la moyo, na wengi wao hawakutambuliwa hivyo. Kabla ya siku 30 kupita, zaidi ya wanne katika kila kumi wa hao walikuwa wamekwisha kufa.

Tena kuna vita. Mwanzoni mwa Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-centre, na maelfu ya watu walikimbilia usalama hata ndani ya uwanja wa hospitali kuu. Mwisho wa mwezi huo ikawa zamu ya Goma. Mwezi wa Machi ikawa zamu ya mji wa Walikale. Katika siku kama hizo hospitali hujaa majeruhi, na mwenye ugonjwa usio na damu wala kilio husahauliwa. Mtu akimbiapo na mtoto mgongoni na sufuria kichwani huviacha vidonge juu ya kabati. Baada ya majuma mawili msituni hakuna ajuaye jina la dawa ile. Wajua tu kwamba ilikuwa nyeupe.

Kwa hiyo twawasihi: kila nyumba yenye mgonjwa wa moyo iwe na mfuko mdogo wa plastiki, uliofungwa vizuri, nao utundikwe karibu na mlango. Ndani yake muwe na dawa za majuma mawili, na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa jina la ugonjwa, tarehe ya shambulio, jina la kila dawa na kipimo chake, na kama ana stenti. Dawa hizo zibadilishwe kila mwezi zisiharibike. Na karatasi ya pili iwekwe kwa mtu mwingine wa ukoo, maana wakimbiao hutengana.

Chungu, kilima na kitanda

Mama mpishi ni mganga mkubwa. Chumvi ya mtu mmoja kwa siku nzima isizidi kijiko kidogo cha chai, pamoja na ile iliyofichwa ndani ya vyakula. Makayabo yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe mara mbili, tena yaliwe mara chache. Jibini ya Masisi ni sifa ya nchi yetu, nasi twaipenda. Lakini ina chumvi na mafuta, basi mgonjwa aonje kipande, asile gurudumu. Mawese yapungue katika sombe. Maharagwe, mboga na matunda viwe vingi, na sambaza wa ziwani wafaa wakipikwa bila chumvi nyingi. Kasiksi na vileo vikali afadhali viachwe. Tumbaku iachwe kabisa, leo, wala si baada ya sikukuu: mvutaji aliyepatwa na moyo akiacha, hatari yake ya kufa hupungua kwa theluthi hivi. Hakuna kidonge kimoja kipitacho faida hiyo, na hakigharimu kitu.

Kutembea nako ni dawa. Aanze uani, kisha hata kwa jirani, kisha hata kanisani, akiongeza kidogo kila juma. Kipimo ni hiki: atembee kwa mwendo unaomruhusu kusema na mwenziwe bila kukatika pumzi. Milima ya Masisi haina huruma. Apande polepole, apumzike njiani, asione haya. Mzigo wa kuni na gunia la makaa viwe vya wengine kwa majuma ya kwanza. Mara nyingi mtu huweza kurudia kazi nyepesi baada ya majuma manne hadi sita, daktari akiridhia. Na mambo ya ndoa, ambayo wengi waogopa kuyauliza, yaweza kurudi pole pole kwa mtu apandaye kilima kidogo bila maumivu wala kuhema. Mume na mke wayaulize pamoja kwa daktari. Hakuna aibu katika jambo alilolibariki Mungu.

Msiisahau huzuni. Mtu aliyekuwa nguzo ya nyumba, sasa akatazwa kuinua jembe, huweza kukaa kimya, kukataa chakula, kulia usiku. Huo si uvivu wala ukosefu wa imani. Ni sehemu ya ugonjwa, nayo huzuia uponyaji. Mpeni kazi ndogo ya heshima: asikilize watoto wakisoma, ahukumu ugomvi wa vijana, aongoze sala ya jioni.

Dawa na Sakramenti

Kuna wagonjwa wasiomeza dawa asubuhi ya Dominika, wakiogopa kuvunja mfungo wa Komunyo Takatifu. Nia yao ni njema, lakini Mama Kanisa hakuwatwika mzigo huo. Kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, maji na dawa havivunji mfungo wa saa moja. Tena wagonjwa na wazee, pamoja na wanaowatunza, waweza kupokea hata kama wamekula kitu katika saa hiyo. Vivyo hivyo, siku za kufunga hazimlazimishi mgonjwa ajidhuru. Na Mpako wa Wagonjwa si cheti cha kufa. Mwiteni Padri mapema, mgonjwa angali na akili zake, apate nguvu ya roho.

Kwenu ninyi wanafunzi twasema neno moja. Ninyi mwajua kusoma. Babu pengine hajui. Kazi yenu ni kumsomea karatasi yake, kuhesabu vidonge kila Jumamosi, na kujua ishara za hatari: maumivu ya kifua yasiyokoma baada ya dakika tano za kupumzika, hasa yakienda mkononi au tayani pamoja na jasho baridi, kuhema alalapo, miguu kuvimba, uzito kuongezeka kilo mbili katika siku chache, kuzimia. Yaonekanapo maumivu hayo, au akizimia, asingojewe asubuhi. Apelekwe mara moja, na kama daktari hakumkataza, atafune aspirini kabla ya safari. Kwa ishara nyingine aonwe kituoni siku hiyo hiyo.

Dinari mbili

Katika mfano wa Msamaria mwema, sote twakumbuka mafuta na divai alivyomimina juu ya vidonda. Tukumbuke pia yaliyofuata. Hakumwacha mtu yule kando ya njia akiwa amefungwa vitambaa. Alimpandisha mnyama wake, akamleta nyumba ya wageni, akamwuguza. Kesho yake akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba, akaahidi kurudi na kulipa yatakayozidi. Kuhani na Mlawi walishindwa mwanzo wa kazi. Wengi wetu twashindwa mwisho wake.

Shirika letu, basi, litoe dinari zake mbili. Kila nyumba iweke kidogo kwa mwezi, katika sanduku moja, kwa nauli ya pikipiki na dawa za wagonjwa wa muda mrefu. Achaguliwe mtu mwaminifu wa kuandika hesabu, naye aisome mbele ya wote. Haba na haba hujaza kibaba. Na kila Dominika baada ya Misa aulizwe mgonjwa, tena kwa jina lake: "Umemeza? Zimebaki ngapi? Umetembea hata wapi?" Maswali hayo matatu, yakiulizwa mwaka mzima kwa mapendo, yatawaweka hai watu ambao hospitali iliwaokoa mara moja na sisi tungaliwapoteza.

Mungu awabariki wagonjwa wote wa Masisi na Walikale, pamoja na mikono inayowatunza.